Kabari ya Espe

Vitu vya Baba vilipogawanywa, siku ya kuondoa matanga, mimi nilipata redio yake, saa ya mkono na koti la mvua ambalo bado lilikuwa zima. Espe alipata kipande cha mti. Nilimwonea wivu hadi nikashindwa kumaliza soda yangu.

Kipande chenyewe ni kabari, kigogo cha mti mgumu kilichochongwa mshazari, upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba wa kuingia chini ya gurudumu. Kimelowa oili miaka mingi hata kimekuwa cheusi, na pembe moja imebonyea. Ndugu wa Baba aliyekuja kutoka Bukavu kutugawia alikinyanyua, akakigeuza, akauliza, "Na hii nayo?" Watu wakacheka. Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ya Espe." Espe akaipokea kwa mikono miwili na kuinusa. Kutoka nilipoketi nami nikaipata harufu ile, petroli na udongo mbichi, na roho ikaniuma vilevile kama zamani.

Mimi ni mtu mzima. Nina watoto, nina duka la vitenge kule Nakivubo, wateja wananiita madamu. Mtu wa umri wangu hapaswi kuona kijicho kwa sababu ya kigogo. Lakini ninyi wa rika langu mliolala wasichana wawili kitanda kimoja, mkagawana blanketi moja na baba mmoja, nadhani mtanielewa kabla sijafika mbali.

Jina langu ni Furaha. Msicheke. Nimeishi nalo, na Espe amenitania nalo kila nilipokunja uso, yaani karibu kila siku ya utoto wetu.

Espe ni mtoto wa mdogo wake Baba. Kabla ya vita kutuleta Kampala, Baba alikuwa dereva wa lori katika njia za msituni upande wa Shabunda, ambako barabara ni matope mekundu na lori linaweza kukwama, Baba alipenda kusema, mpaka motoboi wake akapata mchumba kijiji cha karibu na kumaliza kutoa mahari. Motoboi wa Baba alikuwa ni huyo mdogo wake. Kazi ya motoboi ni kukaa juu ya mizigo, na lori likianza kupanda mlima anaruka chini, anatembea nyuma ya gurudumu amebeba kabari. Lori likishindwa, anaitupa chini ya tairi kabla halijaanza kurudi nyuma. Akichelewa, lori na mizigo na dereva vinakwenda bondeni. Mdogo wake Baba hakuchelewa hata siku moja. Yeye aliugua homa tukiwa njiani kukimbia na hakufika hospitalini. Mama yake Espe alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo tulivuka mpaka na Espe, na kati ya vitu vyote vya lori lile, Baba alivuka na kabari tu.

Tulipanga muzigo huko Katwe, chumba kimoja kama walivyoishi wengi wetu, kilichogawanywa katikati kwa pazia la kitenge. Upande huu Baba na Mama, upande ule mimi na Espe. Baba alipata kazi ya ufundi katika gereji ya jirani. Alisema mbele ya watu wote kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto wa ndugu, wote ni wake. Mimi nililisikia neno hilo nikaona nimeibiwa nusu.

Wivu wangu wa siku zile ulikuwa na kazi nyingi. Nilimwonea Espe wivu wa nywele zilizokubali kusukwa bila kelele, wa kulala akalala kweli, wa kumwita Baba "Baba Mukubwa" kwa sauti iliyomfanya ageuke haraka kuliko nilipomwita mimi. Halafu likaja gari, na wivu ukapata mahali pa kukaa.

Mwenye gari aliitwa Swaibu, kijana Mnubi wa Old Kampala ambaye familia yao iliuza vipuri. Alikuwa na jipu la zamani alilolipa jina la Mbogo, na alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kushindana kwenye matope. Huko chini kuelekea Luzira kulikuwa na uwanja uliokuwa wa kufyatulia matofali, mashimo ya udongo na madimbwi tu, na vijana wenye magari walikutana hapo Jumamosi za mvua. Gari moja moja liliingia kwenye tope, likavuka, likapanda tuta refu, likazunguka mlingoti na kurudi. Swaibu alikuwa hajawahi hata kulifikia tuta. Kila mara alikokotwa kwa trekta watu wakimpigia vigelegele vya kejeli. Mtu akamwambia kwamba Katwe kuna fundi Mkongomani ambaye matope ni mama yake mzazi.

Baba alilivua Mbogo lile nguo zote. Alitoa milango, viti vya nyuma, hata kioo. Aliweka springi za pikapu kubwa ili tumbo liinuke, akafunga tairi za meno marefu, akapandisha bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa ili injini isinywe maji. Kila tundu aliloliona alilipaka grisi na kulivika mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi na Espe tulitoka shule tukaenda moja kwa moja gereji, tukakaa juu ya tairi kuukuu, tukaosha nati katika mkebe wa petroli. Baba alizungumza na gari lile. Aliligonga kwa kiganja, akaliambia, "Pole, pole, tunamaliza." Sikumbuki kama aliwahi kuniambia mimi pole namna ile, na nilikuwa nimeugua surua mwaka uliotangulia.

Halafu akaanza kulipakia mbao za kuweka chini ya tairi, jembe, kamba, mnyororo na dumu la maji. Swaibu akaja akashika kiuno.

"Fundi, hii ni lesi, kushindana mbio. Si safari ya Congo."

"Matope ni matope," Baba akasema.

"Wenzangu wanapunguza uzito. Wewe uko naongeza."

"Wenzako banafika?"

Wengi hawakufika, na Swaibu alijua. Kwa Baba gari lilikuwa limetengenezwa vizuri likifika. Suala la kufika kabla ya wengine hakuwahi kulielewa hadi mwisho, na nilipokuwa mkubwa nilicheka sana kufikiria kwamba Swaibu alimpa gari la mbio mtu aliyejifunza kuendesha mahali ambapo kushinda ni kufika hai Jumanne badala ya Ijumaa. Kosa kubwa la Baba lilikuwa breki ya mkono. Waya wake ulikuwa umekatika tangu gari lilipoletwa. Swaibu aliuliza, "Na handibleki? Gari ikiludi nyuma?" Baba akafuta mikono kwa kitambaa akasema, "Handibreki ni ya batu ya lami. Kwetu handibreki ni mutu." Na akaitoa kabari chini ya benchi akaiweka juu ya boneti.

Kabla ya kabari kulikuwa na shida nyingine. Mbogo lilikuwa linazimika. Linawaka vizuri, linanguruma, linakwenda kwa muda mfupi, kisha linakohoa na kufa. Ukiliacha lipumzike linawaka tena kana kwamba halijafanya kitu. Baba alibadilisha plagi. Alifungua kabureta akaisafisha kwa brashi ya meno. Alikausha distributa, akaifunga upya, akajaribu pampu nyingine ya mafuta. Linakwenda, linakohoa, linakufa. Swaibu akasema labda gari limeingiwa na jini. Baba akasema hajasikia jini linalopenda petroli ya Kampala kwa bei hii. Lakini alikuwa amechoka, na jioni Mama akatukonyeza tusimsumbue.

Mimi nilipenda harufu ya petroli. Mchana mmoja, gari likiwa limekufa tena na Baba kichwa chake kimezama kwenye injini, nikafungua kifuniko cha tangi ili ninuse. Kikavuta pumzi ndefu, fyuuu. Nikamnong'oneza Espe, "Mbogo amejamba."

Espe alianguka chini kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Baba alipouliza kuna nini, yeye akasema, huku akilia kwa kicheko, "Baba Mukubwa, Mbogo amejamba, kwa tangi."

Baba akaacha spana ikaanguka. Akaja, akafunga kifuniko, akawasha gari, akaliacha lingurume mpaka likakohoa na kufa, kisha akafungua kifuniko mwenyewe. Fyuuu. Akajipiga kiganja kwenye paji la uso. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa, na yeye katika kuziba matundu yote dhidi ya maji alikuwa amekiziba na hicho kwa grisi na mpira. Petroli ikitoka na hewa isipoingia, tangi linajifunga pumzi na mafuta hayaendi. Alikuwa amelinyonga gari kwa mikono yake. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu tulipovuka mpaka, akambeba Espe juu, akamzungusha, akamwita "fundi wangu".

"Ni mimi niliyefungua," nikasema.

Injini ilikuwa imeshawashwa. Hakuna aliyesikia. Nilisema tena nyumbani, na Mama akaniambia nisiwe mtoto wa kujisifu.

Ndiyo maana kabari ilikuwa kitu kikubwa kwangu. Fundi alikuwa yeye, sawa, ameshachukua. Kabari ingekuwa yangu. Mashindano yaliruhusu mtu mmoja wa kutembea kwa miguu kusaidia gari, na Baba alisema mtu mzima hafai, anazama hadi magoti. Anatakiwa mtoto mwepesi, apite juu ya tope kabla tope halijajua. Akatukimbiza mimi na Espe katika dimbwi nyuma ya gereji, tumebeba kabari kwa zamu. Espe alizama, akaacha ndala moja humo ndani. Mimi nilipita. Kwa mara ya kwanza nilimshinda kitu mbele ya macho ya Baba, na Baba akatikisa kichwa akasema, "Furaha iko na miguu." Nikatembea kurudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Wiki ile yote nilijizoeza nyuma ya choo kwa kutumia tofali. Natembea, natembea, natupa. Espe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa gari, akirudi nyuma taratibu na kupiga honi.

Halafu ikaja mchana wa mvua. Ninyi mliokulia chini ya mabati mnajua kwamba mvua ikinyesha huwezi kusikia hata mawazo yako, na ikikatika ghafla unasikia kila kitu. Mimi na Espe tulikuwa tumejilaza chini ya blanketi letu kwa sababu ya baridi, macho tumefumba. Baba na Mama walikuwa upande wao, Mama akichambua maharagwe kwenye ungo. Nadhani walifikiri tumelala. Mvua ikakatika katikati ya maneno ya Baba.

"... Furaha ni mwepesi, anakimbia muzuri. Nitamupa Furaha kabari."

Ungo ukanyamaza. Nikashika pumzi nisikie ninavyosifiwa.

"Huyu hapana," Mama akasema. "Umupe ule mwingine."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa hadi kwenye beseni letu la nje. Kisha Baba akasema, "Sawa, Mama Furaha." Maharagwe yakaanza tena kuanguka kwenye ungo.

Sikufungua macho. Nilijua mara moja sababu. Wiki ileile nilikuwa nimeivunja termosi ya Mama, termosi ya maua mekundu, kitu pekee kizuri alichokuwa nacho Kampala, na alikuwa amesema sina mikono, nina miti. Kwa hiyo alikuwa ananiona mimi ni mtu wa kuangusha vitu. Alikuwa na mabinti wawili wa kuchagua, na kazi ilipokuwa kubwa, akamchagua yule ambaye hakumzaa. Nilitazama ukuta. Espe alikuwa nyuma yangu, kimya, na nikaona hata kimya chake ni cha kujivuna. Nikamsukuma kwa kisigino. Hakunirudishia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kesho yake Baba alitangaza pale gereji kwamba kabari ilikuwa ya baba yake Espe, basi ni haki ya Espe. Swaibu akasema hilo ni neno la kiungwana. Kila mtu akamwangalia Espe kwa huruma na heshima, kama mtu aliyevishwa kanzu ya baba yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata wa kufiwa. Nilimtazama Baba wangu mzima, mwenye grisi hadi kwenye kope, nikaona hana faida yoyote.

Jumamosi ilipofika tulikwenda sote, Mama naye amevaa kitenge cha kanisani. Kulikuwa na watu wengi, bodaboda zimepangwa ukingoni, wakaanga roleksi wanaviringisha mayai ndani ya chapati, vijana juu ya mapaa ya magari. Mashimo ya udongo yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Moja lilikuwa chini ya lile tuta, kando ya pale magari yalipoanzia kupanda, na watu walisema kina chake hakuna aliyekipima. Magari mengine yalikuja kwa kasi, yakaruka, yakapiga tope hadi kwenye nguo zetu, mengi yakakwama. Mbogo liliingia polepole. Baba aliendesha, Swaibu ameketi pembeni yake ameshikilia kila kinachoshikika. Watu walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Banange, huyu analeta msiba?" Lakini lilikwenda. Lilipita tope la kwanza, likapita la pili, na nyuma ya gurudumu la kulia alikuwa Espe, buti za mvua zikiwa kubwa kuliko miguu yake, kabari imekumbatiwa kifuani. Sikuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile maishani mwangu. Yeye hakuwatazama. Alitazama tairi tu.

Likaanza kupanda tuta. Katikati ya mlima injini ikakohoa, na safari hii hakukuwa na kifuniko cha kufungua, maana maji yalikuwa yameingia kwenye distributa. Ikafa. Gari likasimama kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha likaanza kurudi. Nilimwona Baba akikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki zilikuwa zimejaa tope, hazikushika. Nyuma yao kulikuwa na Espe, na nyuma ya Espe kulikuwa na shimo la maji.

Hapo ndipo mkono wa Mama uliponipiga usoni. Ndivyo nilivyohisi, kwamba amenipiga. Alinivuta, akanikandamiza kwenye kitenge chake, akanifunika kichwa kwa mikono yote miwili kwa nguvu hata masikio yakauma. Sikuona kitu. Nilisikia watu wakinyamaza, halafu nikasikia kelele kubwa, halafu vigelegele, na hivyo havikuwa vya kejeli. Nilipigana nitoke. Nilipojinasua yote yalikuwa yamekwisha. Mbogo lilikuwa limesimama mshazari, gurudumu limepanda juu ya kabari na kuizamisha nusu, na Espe alikuwa pembeni, mguu mmoja una buti na mwingine uko mtupu. Buti la pili lilikuwa chini ya tairi.

Watu wasiomjua walimbeba mabegani. Swaibu alilichimbua lile buti lililopondeka akalinyanyua juu kama kombe. Hatukushinda chochote, Mbogo lilikokotwa kama kawaida, lakini jioni yote Katwe walizungumza habari za mtoto wa Kikongomani aliyezuia gari. Na mimi sikuwa nimeona. Nilimchukia Mama kwa mikono yake ile. Nilisema moyoni kwamba hata kutazama amenikataza, ili sifa ya Espe isipunguzwe na macho yangu.

Baada ya hapo mambo yalizidi. Baba, bila kuombwa na mtu, alifunga waya mpya wa breki ya mkono kesho yake, Jumapili, badala ya kwenda kanisani. Kabari akaifungia kabatini, hakuitoa tena. Nikajua maana yake pia. Espe ameshapita, mlango umefungwa, zamu yangu haitakuja. Na Mama akaanza jambo ambalo hakuliacha tena. Kila tulipopata samaki, kichwa, ambacho nyumbani kwetu ndicho kipande cha heshima na kabla ya hapo kilikuwa cha Baba, alimwekea Espe. Hakusema kwa nini. Alikipakua tu, akakiweka kwenye sahani ya Espe bila kumwangalia. Tulikua, tukaolewa, tukawa tunarudi kwa sikukuu na watoto wetu, na kichwa kiliendelea kwenda palepale. Mume wangu aliwahi kuniuliza mbona nakula samaki nimenuna.

Basi siku hiyo ya kuondoa matanga, wageni walipoondoka, mimi na Espe tulibaki uani tunaosha sahani. Kabari aliiweka kando yake juu ya jiwe ikauke, maana mtu alikuwa ameimwagia chai. Niliitazama mpaka nikashindwa kujizuia.

"Mama amekupenda wewe siku zote," nikamwambia.

Alicheka kwanza, akidhani ni utani wangu. Kisha akaniangalia.

"Ile siku ya mvua," akasema, "ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho. Nilisikia. Huyu hapana, umupe ule mwingine."

"Mimi pia nilikuwa macho."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Kitanda kimoja, blanketi moja, na miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kwamba masikio mengine mawili yalikuwa mgongoni mwangu.

"Na weye ulielewa nini?" akauliza.

Nikamweleza habari za termosi. Nilieleza kwa uchungu, kwa kirefu, na maua yake mekundu. Espe aliiacha sahani ikazama kwenye beseni. Alinichungua uso aone kama namfanyia mchezo.

"Furaha," akasema taratibu, "Mama Mukubwa alikuwa nakataza mutoto wake asikufe. Gari haikukuwa na handibreki. Wote bawili balijua. Huyu hapana, ju ni wake. Ule mwingine..." Hakumaliza. Akachukua sahani nyingine, akaisugua mahali ambapo palikuwa safi.

Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi walisema kweli, na mimi nilikuwa nimeusikia uchungu huo kwa masikio yangu nikauita dharau. Niliikumbuka ile mikono kichwani pangu. Nilikumbuka Baba amelala chini ya Mbogo siku ya Bwana, anafunga waya, hataki mtu amsaidie. Nikakumbuka vichwa vyote vile vya samaki. Espe alikuwa amelala nyuma yangu siku ile, mtoto mwenzangu, amesikia yote na kuelewa yote, na upande wa pili wa pazia hapakuwa na mtu wa kusema huyu hapana kwa ajili yake. Nami nikampiga kisigino.

"Hakukuomba radhi?" nikauliza.

"Mama? Hajasema kitu hata siku moja." Akatabasamu. "Ananipakulia tu."

"Kama ulijua, kwa nini ulikwenda? Ungekataa. Ungejifanya mgonjwa. Ungekimbia gari lilipoanza kurudi, hakuna ambaye angekulaumu."

Alishangaa kidogo, kama nimeuliza jambo lililo wazi.

"Baba Mukubwa alikuwa mule ndani," akasema. "Nani angemuzuilia gari?"

Nimemwonea Espe wivu wa mambo mengi ya kijinga, lakini niliouona wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko wote, na safari hii sikuwa na wa kumlaumu. Baba wangu aliishi hadi akazeeka, akawaona wajukuu, akafa kitandani kwake, kwa sababu ya mtoto ambaye hakuna aliyemkataza kusimama pale. Kama ningekuwa mimi, nikijua anachojua, ningeruka pembeni. Nina hakika.

Mama alituita ndani tule. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sufuria mbele yake, amekonda sana tangu msiba. Tukakaa kushoto na kulia kwake kama tulivyokaa siku zote. Akafunua sufuria, akatafuta kwa upawa mpaka akakipata kichwa, akakinyanyua, akakiweka kwenye sahani ya Espe bila kumwangalia. Espe akasema, "Aksanti, Mama." Kisha Mama akanigeukia, akaniuliza kama nataka mkia au kipande cha katikati.

Nikasema, "Chochote." Nikachukua upawa mkononi mwake, nikamwongezea Espe mchuzi.